Wamepima mbu Muheza tangu enzi za babu: kuna kazi ya maisha humo?

SWALI: Shikamoo Daktari. Nilimaliza shahada ya kwanza ya zoolojia mwaka jana. Sasa nina mkataba mfupi kwenye mradi wa utafiti wa malaria hapa kwetu Muheza. Kazi yangu ni kutundika mitego ya taa jioni na kukusanya mbu alfajiri. Naipenda, na nataka kuendelea na shahada ya uzamili. Baba hataki. Anasema babu yangu alilipwa na wazungu wa Amani akeshe na miguu wazi akikamata mbu, leo mjukuu anafanya yale yale na malaria bado ipo. Afadhali niombe ualimu. Naomba uniambie ukweli. Mtu anayetafiti malaria maisha yake yote huwa anafanya nini hasa, na kuna kinachobadilika?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Baba yako mpe salamu zangu, maana hoja yake si ya kupuuza. Ni wilaya chache Afrika zilizochunguzwa mbu wake kwa muda mrefu kama Muheza, na malaria kweli bado mnayo. Kwa hiyo sitakujibu kwa kuisifu sayansi. Nitakupitisha kwa watu waliofanya kazi hapo hapo kwenu, uone kila mmoja miaka yake ilikwenda kwenye swali gani, halafu baba aamue mwenyewe kama babu alikesha bure.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliunda kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki ambacho makao yake yakawa Amani, kule juu Usambara, chini ya Daktari Bagster Wilson. Mmoja wa waliofanya kazi huko ni Mick Gillies. Ukiendelea na masomo ya mbu wa Afrika hutalikwepa jina lake. Swali lililomshughulisha miaka mingi ukilisikia unaweza kucheka: mbu anaishi siku ngapi?

Usicheke. Mbu akinyonya leo damu yenye vimelea, hawezi kumwambukiza mtu kesho. Vimelea hukua kwanza kwenye ukuta wa tumbo lake, kisha huhamia kwenye tezi za mate, na kwa joto la pwani kazi hiyo huchukua kama siku kumi hadi kumi na nne. Mbu wengi hufa kabla hazijatimia. Chukua mbu 1,000 walioambukizwa usiku mmoja, na tuseme vimelea vinahitaji siku 12. Kama kila siku katika mbu kumi anakufa mmoja, siku ya 12 watabaki kama 280. Wakifa wawili katika kumi, watabaki kama 70. Wakifa watatu, watabaki 14. Hujafukia dimbwi hata moja, hujapunguza mbu wanaozaliwa, lakini mbu wa hatari karibu wote wameondoka. Hesabu hii aliipanga vizuri George Macdonald katika miaka ya 1950, na ndiyo iliyoonyesha kwamba kufupisha maisha ya mbu mkubwa anayeingia ndani kuna nguvu kuliko kukimbizana na viluwiluwi kila penye maji.

Tatizo ni kwamba mbu hana cheti cha kuzaliwa. Wanasayansi wa Kisovyeti walikuwa wamegundua njia ya kumsoma umri. Jike hunyonya damu, hukomaza mayai, hutaga, kisha hurudi kunyonya tena kila baada ya siku mbili tatu, na kila anapotaga, kijirija kilichobeba yai hubaki na kifundo. Unamlaza mbu chini ya hadubini kwenye tone la maji ya chumvi. Kwa sindano moja unamshika kifuani, kwa nyingine unavuta ncha ya tumbo polepole mpaka ovari zitoke, vitu viwili vyeupe vyenye umbo la punje. Kisha unanyoosha kijirija kimoja bila kukikata na kuhesabu vifundo: huyu hajataga, huyu mara moja, huyu mara nne, huyu bibi kizee. Mkono ukitetemeka, mbu huyo umempoteza. Gillies na mwenzake T. J. Wilkes waliwapasua maelfu ya mbu wa Muheza kwa namna hii, wakachapisha matokeo mwaka 1965. Hadi leo tunayatumia.

Mbu hao walitoka wapi? Kwa akina babu yako. Wazee waliketi ndani ya nyumba usiku kucha, suruali zimekunjwa hadi magotini, tochi mkono mmoja na mrija wa kufyonzea mbu mkono wa pili, wakimdaka kila anayetua kabla hajachoma. Kila saa ilikuwa na kikombe chake cha kuwekea mbu. Ndiyo maana tunajua kwamba mbu wakuu wa malaria, Anopheles gambiae na Anopheles funestus, walipenda kuuma ndani, saa sita za usiku kwenda mbele, watu wakiwa wamelala fofofo. Habari hiyo ikikosekana, wazo la kumkinga mtu kwa kitambaa juu ya kitanda halina mashiko yoyote, maana ungejuaje kwamba mbu wa malaria haumi magharibi watu wakiwa barazani? Baba anaona kama kuna udhalili katika kazi ile, na mimi sitabishana naye sana. Leo mradi wowote unaotaka kukamata mbu kwa miguu ya watu unabanwa vikali na kamati za maadili, na wakamataji hupewa dawa za kinga. Enzi zile mambo hayakuwa hivyo.

Lakini angalia mtego unaoutundika wewe jioni. Mtu analala ndani ya chandarua, taa ndogo yenye feni inaning'inia upande wa miguu ya kitanda, mbu anafuata harufu ya mtu, anakuta kitambaa, anazungukazunguka, anafyonzwa na feni. Unadhani nani alithibitisha kwamba njia hiyo inaweza kuchukua nafasi ya miguu ya watu? Ni Jo Lines, Chris Curtis, Wilkes na Njunwa, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1991, na walifanyia hapo hapo kwenu. Walilinganisha mitego na wakamataji, wakakuta kwamba mitego mitatu hukamata takriban sawa na watu wawili. Jina la Wilkes umeliona tayari, mwaka 1965. Sasa mwambie baba: hufanyi yale yale aliyoyafanya babu. Unafanya kile kilichobuniwa ili mtu mwingine asifanye tena alichofanya babu.

Kabla sijamfikia Curtis kuna jambo la Pare na Taveta ambalo wanafunzi wangu huwa siwaachi hadi walielewe. Katikati ya miaka ya 1950 nyumba za eneo lile, pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, zilipuliziwa dawa ya dieldrini kwenye kuta. Anopheles funestus alitoweka. Baadaye watu waliokuwa wakikusanya mbu majumbani wakaanza tena kuleta mbu waliofanana na funestus kabisa. Mtu mvivu angeandika “funestus amerudi” na kwenda kulala. Gillies na Smith hawakulala. Wakawachunguza kwa makini, wakakuta ni ndugu yake, Anopheles rivulorum, ambaye anapenda zaidi ng'ombe na hana kishindo katika kueneza malaria. Aliingia kwenye nafasi iliyoachwa wazi. Walichapisha habari hiyo mwaka 1960. Siku hizi tunawatofautisha kwa kipimo cha vinasaba, lakini funzo lile lile linatukuta kila mwaka: ukihesabu mbu bila kujua ni mbu gani, namba zako zinaweza kudanganya taifa zima. Mradi ule wenyewe ulifikia kikomo mwaka 1959, upuliziaji ukasimama, na malaria ikarudi taratibu. Baba akilisikia hilo atasema “si nilikuambia?” Mwache aseme.

Sasa Curtis. Nakaa kwake kidogo kwa sababu uliniuliza maisha ya mtafiti yanakwendaje, na ya kwake hayakwenda kwa mstari ulionyooka. Alianza na vinasaba, kwenye maabara ya mbung'o karibu na Bristol, Uingereza. Mwaka 1968 alichapisha wazo kwamba inawezekana kuzipanga upya kromosomu za wadudu kwa namna ambayo jeni tunayoitaka, mfano ya kukataa vimelea, isambae yenyewe kizazi hadi kizazi mpaka mbu wote wa eneo wawe nayo. Zana za kulifanya hazikuwepo. Leo zipo, na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara wameshatengeneza mbu wenye jeni za kuzuia vimelea ndani ya maabara yao iliyofungwa kule Bagamoyo. Zaidi ya miaka hamsini imepita katikati.

Kutoka hapo alikwenda India, kwenye mradi wa Shirika la Afya Duniani na baraza la utafiti wa tiba la India wa kudhibiti mbu kwa njia za vinasaba. Wakati maandalizi ya kuwaachia mbu dume tasa yamekaribia kukamilika, magazeti yakaanza kuandika kwamba lengo la siri ni silaha za kibaiolojia, kamati ya bunge ikaingilia, na mwaka 1975 mradi ukafungwa. Miaka ya kazi ikaishia makabatini. Sikupi kisa hiki kukutisha. Nakupa kwa sababu vyuoni hatufundishi kwamba majaribio mengi hufia kwenye baraza la kijiji au kwenye gazeti kabla ya kufia maabara. Ukienda nyumba ya mtu kutundika mtego, yale maelezo unayompa mwenye nyumba mlangoni ni sehemu ya sayansi yako, si adabu tu.

Akahamia London kwenye chuo cha afya na tiba za tropiki, akaanza kuja kwenu. Akaacha jeni, akashika chandarua. Mwaka 1987 yeye, Lines na J. Myamba walichapisha majaribio ya vyandarua vilivyochovywa dawa ya permethrini, yaliyofanywa kwenye nyumba za majaribio huko kwenu Tanga. Kama hujapelekwa kwenye nyumba hizo, omba upelekwe. Ni kibanda cha chumba kimoja chenye upenyo chini ya paa ili mbu aingie atakavyo, na pembeni veranda zenye wavu za kumnasa anayetoroka. Kuizunguka kuna mfereji mdogo wa maji. Kazi yake ni kuwazuia sisimizi, kwa sababu sisimizi wakipanda wanakula mbu waliokufa sakafuni, na mbu wako waliokufa ndiyo matokeo yako! Chandarua hutobolewa matundu makusudi, kifanane na kile kilichotumika miaka mitatu na kuchanwa na misumari ya kitanda. Mtu analala ndani. Asubuhi unapiga magoti na mrija wako, unawapanga mbu: aliyekufa na aliye hai, aliyeshiba damu na asiyeshiba, wa chumbani, wa verandani, wa ndani ya chandarua. Walio hai unawapa maji ya sukari kwenye pamba na kuwasubiri hadi kesho yake. Kazi inachosha magoti kuliko akili. Lakini majaribio ya namna hiyo ndiyo yaliyoonyesha kwamba chandarua chenye dawa, hata kikiwa na matundu, kinageuka kuwa mtego wa kuua mbu kwa chambo cha mtu aliyelala. Rudi kwenye hesabu ya mbu 1,000 utaona kwa nini jirani asiye na chandarua naye hufaidika: mbu hawazeeki.

Baadaye Curtis alikorofishana na wakubwa wengi kwa jambo moja, kwamba vyandarua vigawiwe bure. Fikra iliyotawala wakati ule ilikuwa kuviuza kwa bei nafuu, na hapa kwetu tukawa na Hati Punguzo, vocha ya kununulia chandarua kwa bei nafuu, kwa wajawazito kuanzia 2004. Yeye alishikilia kwamba hakuna anayemtoza mtoto pesa ya chanjo, basi kwa nini chandarua? Kuanzia kampeni za 2009 hadi 2011 Tanzania nayo iligawa bure kwa wingi. Mimi nilikuwa upande wa waliodhani kinachotolewa bure hakitunzwi. Takwimu za matumizi zilituzima. Alifariki mwaka 2008. Hapo katikati alikuwa pia Makunduchi, Unguja, akimwaga chembe za povu la plastiki kwenye vyoo vya shimo ili zielee na kuwaziba pumzi viluwiluwi wa mbu wanaoeneza matende. Si malaria, lakini mwenye nyumba hajali mbu anayempigia kelele ni wa ugonjwa gani.

Nikujibu sasa kama kuna kinachobadilika. Jaribio la Gambia lililochapishwa 1991, la Kilifi, Kenya, 1996, kisha kazi ya bonde la Kilombero iliyochapishwa 2001, yote yalionyesha vifo vya watoto vikipungua kwa vyandarua vyenye dawa. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2015 ilikadiria kwamba tangu 2000 hatua za kudhibiti malaria zimezuia takriban matukio milioni 663 ya ugonjwa barani Afrika, na asilimia 68 ya hayo yalitokana na vyandarua. Hapa Bara, mwaka 2007/08 karibu watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikutwa na vimelea. Mwaka 2022 walikuwa 8. Malaria ya utoto wa baba yako na malaria ya leo hazifanani, ila mtu aliyelazwa leo hospitali ya wilaya hafarijiki na asilimia, na Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo 597,000 duniani kwa mwaka 2023. Kwa hiyo nyote wawili mna haki.

Jambo ambalo baba hajalisema, na ambalo wewe ni lazima ulijue kabla hujaingia, ni kwamba katika kazi hii hakuna chombo kinachodumu. Klorokwini iliyotuponya sisi wote ilianza kushindwa Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, Tanzania ikaiacha 2001, ikachukua SP (sulfadoksini na pirimethamini), nayo ikachoka, ndipo ikaja dawa mseto mwaka 2006. Mwaka 2020 watafiti wa Rwanda walitangaza vimelea vyenye badiliko la R561H linaloifanya artemisinini, kiungo kikuu cha dawa mseto, ifanye kazi polepole, na timu ya Deus Ishengoma wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, imekuta badiliko hilo hilo Kagera. Mbu nao hivyo hivyo. Vyandarua vyote vya zamani vilitumia jamii moja ya dawa, pairethroidi, na baada ya miaka mbu wakawa wanatua juu yake kama kwenye shuka la kawaida.

Nikupe mfano mmoja wa jinsi jibu linavyopatikana, maana ndiyo unaonyesha urefu wa kazi hii kuliko maelezo yoyote. Mwaka 2008 Franklin Mosha wa KCMC, hospitali na chuo cha tiba cha Moshi, na wenzake walichapisha majaribio ya nyumba huko Moshi ya Chini kwa dawa iitwayo klofenapiri. Dawa hii haishambulii mishipa ya fahamu kama pairethroidi. Inaingia mwilini mwa mbu ikiwa haina makali, vimeng'enya vya mbu mwenyewe vinaigeuza kuwa sumu, na sumu hiyo inazima uzalishaji wa nguvu ndani ya seli. Kwa hiyo mbu hafi papo hapo. Anaweza kuchukua hadi siku tatu. Ukiipima kwa utaratibu wa kawaida, wa kuhesabu maiti baada ya saa 24, utasema haifai na kuitupa. Ilibidi watu wakubali kusubiri. Kisha Jacklin Mosha wa NIMR Mwanza na timu yake wakagawa vijiji vya Misungwi katika makundi 84 na kulinganisha aina nne za vyandarua. Baada ya miaka miwili, watoto waliokutwa na vimelea walikuwa asilimia 45.8 kwenye vyandarua vya kawaida na 25.6 kwenye vile vyenye klofenapiri pamoja na pairethroidi. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Machi 2023 Shirika la Afya Duniani likavipendekeza. Kuanzia Moshi ya Chini hadi pendekezo ni miaka 15, na waliofanya kazi kubwa ni Watanzania. Ukiingia leo, tegemea kwamba jambo kubwa utakalolianza huenda ukalimaliza ukiwa na watoto wa sekondari.

Na wakati mwingine hutalielewa kabisa. Kuanzia 1998 hadi 2009 watafiti wa NIMR na wenzao wa Denmark waliweka mitego ya taa kwenye vijiji vya huko huko Tanga ambako hakukuwa na kampeni ya kudhibiti mbu. Mbu wa malaria waliporomoka kutoka maelfu kwa mwaka hadi wachache wa kuhesabika kwa mwaka. Mvua ilieleza sehemu tu. Kama wasingekuwepo watu wa kuendelea kutundika mitego mwaka baada ya mwaka, kila shirika lingejipongeza kwamba limeangusha mbu kwa vyandarua vyake. Kazi unayoifanya sasa alfajiri, hiyo inayoonekana ya kurudiarudia, ndiyo inayotuzuia kujidanganya.

Sasa mambo ya nyumbani. Fedha. Mishahara ya miradi mara nyingi huwa mizuri kuliko ya ualimu inapokuwepo, na huwa haipo kabisa mradi ukiisha. Mkataba wa miaka miwili au mitatu, kisha kungoja ruzuku nyingine. Watu wengi wenye akili wameondoka kwa sababu hiyo, si kwa kushindwa sayansi. Halafu kuna mtego wa pili, ukishafanikiwa. Wen Kilama, aliyekuja kuiongoza NIMR kwa miaka mingi, mwaka 1969 alichapisha na profesa wake Marekani kazi safi kabisa iliyoonyesha kwamba uwezo wa mbu aina ya Aedes kupokea vimelea vya malaria ya ndege hurithiwa kupitia jeni moja. Mtu wa kiwango hicho nchi changa ilimhitaji ajenge taasisi, naye akajenga, baadaye pia mtandao wa AMANET wa majaribio ya chanjo. Sidhani alikosea. Lakini ujue hadubini na kiti cha ukurugenzi havikai chumba kimoja, na kwetu wanaosoma sana huitwa ofisini mapema.

Jambo la majina nilitaje pia. Nimefanya kazi kwenye mradi mmoja, sitautaja, ambao vijana walikesha misimu miwili ya mvua na makala ilipotoka hakuna jina lao hata kwenye shukrani. Siku hizi hali ni nafuu, lakini hainyooki yenyewe. Uliza kabla ya kazi, kwa heshima na kwa maandishi: data hizi nikizichambua, nitakuwa mmoja wa waandishi? Myamba na Njunwa majina yao yapo kwenye kazi zile nilizokutajia, ndiyo maana leo naweza kukutajia.

Kuhusu masomo, usichague shahada kwa jina lake. Kama unapenda mbu mwenyewe, chuo cha KCMC Moshi wana uzamili wa parasitolojia na entomolojia ya tiba. Kama unapenda zaidi swali la nani anaumwa, wapi na kwa nini, tafuta epidemiolojia. Vyovyote uchaguavyo, jifunze takwimu na programu ya R hadi uote nayo, kwa sababu wakamataji mbu wazuri tunao, wachambuzi wa data za mbu hao tunawaazima nje. Tafuta ufadhili unaolipia ada pamoja na utafiti wenyewe. Ufadhili wa ada peke yake hukuacha na cheti na mada isiyo na data. Na kabla mkataba wako haujaisha, mtafute fundi sanifu mzee wa maabara hapo Muheza akufundishe kupasua ovari. Mikono ile inastaafu, na kwenye usaili hakuna msomi mwenzako atakayeweza kuifanya.

Ualimu: omba. Fomu ya maombi haikufungi, na majibu ya ajira serikalini huwa hayaji kesho. Ukipata kituo kabla ya ufadhili, nenda ukafundishe baiolojia na hisabati, na wakati huohuo uendelee kuandika maombi; nina wenzangu wawili wazuri sana walioingia utafiti baada ya kufundisha sekondari, na wanajua kueleza mambo kwa wanakijiji kuliko sisi wote. Ukipata ufadhili kwanza, mpeleke baba kwenye zile nyumba za majaribio asubuhi moja kabla mbu hawajaondolewa, aone mwenyewe, ndipo mzungumze habari ya kusaini.